Vinyanya vya Susu

Juzi niliingia dukani Komarock, duka kubwa la kusukuma vitoroli, nikakuta vinyanya vya ukubwa wa bano, zile gololi za kuchezea, vimefungiwa ndani ya vikasha vya plastiki. Bei yake sitaitaja, nisije nikapandwa na presha. Kikasha kimoja kilikuwa na kijikonyo cha kijani kilichosahauliwa na waliopakia. Nikafungua, nikakivunja hicho kikonyo, nikanusa vidole. Mlinzi akanitazama. Nikamtazama pia. Ile harufu ya majani ya nyanya, kali, chungu kidogo, inayong'ang'ania vidoleni hata unawe kwa sabuni ya kipande, ilinirudisha nyuma ya ploti yetu ya mtaa wa Tena nikiwa darasa la nne, na hasira niliyokuwa nayo siku zile ikaja nayo ikiwa nzima. Nilidhani imeisha. Wapi.

Watu wa rika langu mliokulia Eastlands mnapenda kusema kwamba tulilelewa na ploti nzima. Mnaandika hivyo kwenye simu, mnaweka na picha ya watoto wakicheza kati ya kamba za nguo, mnasikitika kwamba siku hizi majirani hawajuani. Ni kweli, nilikula kwa watu, nililala kwa watu, na niliwahi kuchapwa na mama wa watu kwa kosa ambalo hata sikulifanya. Lakini ploti inayokulea ndiyo pia inayoamua. Inaamua mama yako aende wapi na asiende wapi, na inaamua ikiwa imekaa kwenye makochi ya mama yako mwenyewe, ikinywa chai yake. Hilo hamliandiki.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba pande tatu na bomba la maji katikati. Nyuma kulikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi kati ya ukuta na ua wa mabati, pale ilipopita laini ya sewa, bomba la majitaka. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Brayo, mwenyekiti wa chama cha akina mama. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitamsema sana. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele bure, kichwa changu kimebanwa katikati ya magoti yake hadi macho yanivutike, na mtu akiugua alikuwa wa kwanza kubisha hodi na thamosi ya uji. Ila alikuwa na sauti ya kutosha ploti tatu, na akishasema jambo, kwa wengine wote limekwisha.

Mama alikuwa na mimba ya ndugu yangu simu ilipoingia kutoka ushago, kijijini kwao, kwamba Susu amefariki. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama wa mzazi wako, na huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Mama alikuwa amesimama kwenye jiko la mafuta akikaanga vitunguu. Aliizima simu, akazima jiko, akavuta begi la buluu kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Hakulia. Alikunja gauni lake jeusi, akalikunjua, akalikunja tena vizuri zaidi, na nyumba nzima ilinuka vitunguu vilivyoiva nusu.

Kabla begi halijafungwa, Mama Brayo na akina mama wengine wa chama walikuwa wameshaingia, wamekaa, wameomba. Baba alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari la tajiri wake mkononi, maana alikuwa dereva.

"Pole sana, Mama Mwende," Mama Brayo alisema. "Mungu amempenda zaidi. Lakini hilo begi ni la nani?"

"Ni langu. Naenda kumzika mama."

"Aki Mama Mwende. Si unajua mwenye mimba haendi mazishini? Haoni maiti, hakanyagi udongo wa kaburi. Unataka huyo mtoto apatwe na nini?"

"Ni mama yangu," Mama akasema.

"Tunajua ni mama yako. Na huyo wa tumboni ni nani? Hii ni kwa ajili ya mtoto."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaanza kisa cha mwanamke wa Kayole aliyekaidi akaenda, akazaa mtoto aliyekuwa hivi na hivi, na kila aliyekuwepo akaongeza lake. Mama akamwangalia Baba. Hapa ndipo ninapotamani kurudi nyuma nikamtingishe yule mwanamume kwa kola. Baba alikuwa mpole, alimpenda Mama, hilo sina shaka nalo hadi leo. Akasema, "Wacha niende mimi. Nitasimama kwa niaba yako."

Kwa niaba yake. Utafikiri ni mkutano wa wazazi shuleni.

Mama alikaa kitandani muda mrefu, mikono juu ya tumbo. Halafu akaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja, akiweka za Baba. Alipomaliza akasema neno moja tu: "Uniletee basi vile vinyanya vya mama. Vipo kando ya jiko la nje."

Nilivijua vinyanya hivyo. Likizo tulipokwenda kwa Susu nilikuwa navichuma nikiwa nimechuchumaa, vidogo, vyekundu kabisa, vimening'inia kwa mafungu kwenye matawi yaliyotambaa popote yalipotaka. Susu alikuwa akizihifadhi mbegu zake mwenyewe tangu alipoolewa, na hakununua nyanya sokoni hata siku moja. Alivitupa vizima kwenye isyo, ile pure yetu ya mahindi na maharagwe, vikapasukia ndani ya sufuria na kuacha uchachu mtamu ambao nyanya kubwa za Tena hazikuwa nao hata ukikaanga debe zima.

Baba alirudi na matope kwenye viatu na vinyanya ndani ya mfuko wa plastiki. Alikiri mwenyewe kwamba alivisahau hadi gari lilipokuwa linataka kuondoka, akashuka mbio kuvichuma, na njiani mtu akavikalia. Nusu vilikuwa uji. Mama aliupokea mfuko, akaenda nao hadi kwenye karai la vyombo, akavila. Alivila vyote, akiwa amesimama, ametupa mgongo, vizima na vilivyopasuka, bila chumvi, bila hata kuviosha. Mama yangu, aliyekuwa anaosha ndizi kabla ya kuimenya. Maji ya nyanya yakamtiririka hadi kwenye viwiko, na nilipomsogelea nikaona analia, nikadhani ni kwa sababu vimekwisha.

Nisikilizeni jinsi akili ya mtoto inavyofanya kazi. Wiki hizo hizo nilikuwa nimemsikia Mama Brayo pale bombani akimcheka mtoto wa mpangaji mmoja ambaye kidevu chake hakikukauka kamwe. Alisema kila mtu anajua mate hayo yanatoka wapi: mama akiwa na mimba alitamani kitu, akanyimwa, na mtoto amezaliwa akikitamani kwa niaba yake. Dawa yake ni kumtafutia mtoto hicho kitu na kumpaka midomoni. Akina mama wote pale walikubali, kwa hiyo nami nikakubali, kwa sababu watu wazima hawakosei wote kwa pamoja. Basi nikapiga hesabu yangu. Mama anatamani vinyanya vya Susu. Vinyanya vimekwisha. Susu amekwisha. Ndugu yangu atazaliwa na mate. Ilikuwa juu yangu.

Mfuko Baba alikuwa ameutupa kwenye pipa. Niliutoa. Ndani yake mbegu zilikuwa zimenata, kila moja na utelezi wake, nikazikwangua kwa ukucha na kuzipaka kwenye ukurasa wa gazeti, nikalianika gazeti dirishani. Zilipokauka hazikubandukika. Nilipojaribu kuzing'oa zilivunjika, hivyo nikaamua kuchana gazeti vipande vidogo na kupanda mbegu pamoja na habari zake. Udongo mwekundu niliuokota palipokuwa pamebaki lundo la fundi aliyejenga ukuta. Mbolea ilikuwa ya kuku, na kuku walikuwa wa Mama Brayo. Naomba mlikumbuke hilo la kuku. Nilizipanda kwenye karai lililotoboka, nikawa nazimwagilia maji ya kuoshea mchele, kwa sababu maji ya bomba yalikuja yanapotaka na Mama alichunga kila tone la mtungi.

Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu asubuhi moja kabla ya shule nikakuta vijishingo vya kijani vimeinama, kila kimoja bado kimevaa ganda la mbegu kichwani. Sikumwambia mtu. Vilipopata majani ya kweli, yale yenye meno na manyoya ya kushika vidole, nilimwomba fundi wa rangi mikebe yake mitupu, nikaitoboa matako kwa msumari, nikahamishia mche mmoja mmoja. Mikebe nikaipanga nyuma ya ploti kando ya ukuta, mahali jua la asubuhi lilipofika. Mikebe, mnanisikia? Hakuna mche hata mmoja uliogusa ardhi ile.

Mama aligundua alipokuwa anatafuta mahali pa kuanika godoro. Nilidhani nitachapwa kwa ajili ya mikebe au maji. Badala yake aliinama kwa shida, tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, akakamata jani, akalisugua, akanusa vidole. Akakaa chini juu ya kreti ya soda.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye mfuko wa Baba."

Kisha akanionyesha vile vichipukizi vinavyoota kwenye kwapa la tawi, akaniambia nivitoe maana vinanyonya nguvu ya mmea bure, na mama yake ndivyo alivyofanya kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto. Akachana leso yake kuukuu vipande virefu, tukafungia miche kwenye vijiti. Tuliwanyunyizia jivu wadudu. Kuanzia hapo kila jioni akitoka kuwasha jiko alipitia nyuma kwanza. Alikaa pale kwenye kreti, mkono mmoja tumboni na mwingine majanini, na mimi nilisimama kando nikihesabia moyoni maua yaliyobaki kugeuka vinyanya. Niliamini anasubiri kula. Leo nikimfikiria pale, mwanamke mzima amekaa peke yake kati ya ukuta na mabati, akinusa vidole, naona aibu kwa niaba ya wote waliompita wakienda chooni na kumsalimia tu, "Mama Mwende, unapunga upepo?" Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za mazishi. Walikuwa wamempa pole siku ile, basi, ya nini tena.

Maua ya manjano yakaanguka, vinyanya vikaonekana, vigumu na vya kijani, vimejipanga kwenye kikonyo kuanzia kikubwa hadi kidogo. Nilivisalimia asubuhi na nikarudi mbio kutoka shule kuviona. Kimoja, cha chini kabisa, kilikuwa kimeanza kupoteza ukijani na kuwa cheupe cheupe. Nilijua rangi inakuja.

Ndipo sewa ilipopasuka.

Mtu wa Eastlands haelezwi sewa ikipasuka inakuwaje. Ilifurika nyuma ya ploti na kupita chini ya mikebe yangu, tukawa tunatembea juu ya matofali, tumefunga pua. Siku hizo hizo watoto wawili wakaanza kutapika na kuharisha, mmoja wao Brayo mwenyewe, mtoto wa mwenyekiti. Nilirudi kutoka shule nikakuta akina mama wamejaa nyuma. Mama Brayo alikuwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, ameifunga kwenye vifundo kwa mipira, na alikuwa anang'oa. Aling'oa mmea, akaupiga kwenye ukuta kukung'uta udongo, akautupa kwenye gunia, akapindua mkebe. Vipande vya leso ya Mama vilikuwa vimekanyagwa kwenye maji yale.

"Hizi ni nyanya za choo," alikuwa anawaambia wenzake. "Hizi ndogo ndogo zinaota zenyewe palipo na kinyesi, mtu anakula nyanya, mbegu inapita, inaota. Kila mtu anajua. Na watoto wetu wanazila."

Nilipiga kelele kwamba si za choo, ziko ndani ya mikebe, zimetoka kwa Susu.

"Susu gani?" aliniuliza, hata hakugeuka. "Si susu yako alikufa?"

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Lakini hebu niwaulize nyinyi, mlio na akili. Vinyanya vilikuwa vya kijani. Vyote. Ni mtoto gani wa Tena aliyewahi kuugua kwa kula nyanya ambazo hazijaiva, nyanya chungu za kukunja uso, wakati dukani kuna chipsi? Nani alivila, lini, na kwa nini vyote vilikuwa bado vimening'inia pale? Swali hilo dogo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeliuliza, kati ya wote waliosimama pale na mikono kiunoni. Na kama mbolea ndiyo mbaya, basi wangeanza na kuku wa mwenyekiti.

Mama alitokea kwenye kona ya ukuta, anatembea polepole, ameshika mgongo. Aliona gunia.

"Mama Brayo, wacha hizo," akasema. Hakupandisha sauti.

"Mama Mwende, wewe uko karibu kujifungua. Unataka mtoto azaliwe akutane na ugonjwa? Ni kwa ajili ya mtoto."

Niliona Mama anameza mate. Mdomo wake ulifunguka kidogo, nikasubiri, nikajua sasa itakuwa vita, na nilikuwa tayari kuuma mtu. Akainama, akaokota tawi moja lililodondoka kando ya gunia, akalisugua kiganjani, akarudi ndani nalo. Usiku huo tulikula ugali na sukuma, na nilimkasirikia hata yeye. Nilidhani ameachilia.

Brayo alipopona alinijia kando ya bomba. "Zi, si nyanya zako, wangu," akaninong'oneza. "Ni barafu za yule buda wa baisikeli, tulizila mob. Usimshow mathe." Sikumshow mathe wake, sikumwambia mama yake kwamba ni barafu za mzee yule zilizowaumiza tumbo. Nani angenisikiliza?

Ndugu yangu akazaliwa, akaitwa Mutua, jina la babu upande wa Baba. Alikuwa mzima, mnene, mwenye miguu ya kupiga teke, na kwa miezi ya kwanza nilimchunguza kidevu kila asubuhi kama daktari. Kilikuwa kikavu. Nikaanza kuamini tumepona. Kisha akafikia ule umri ambao nimekuja kujua kila mtoto duniani anatokwa na mate, meno yakiwa njiani, lakini wakati ule hakuna aliyeniambia hivyo, na mate yakaanza. Na yalikuwa mate kweli. Alilowesha bibu, akalowesha bega la Mama, akalowesha shuka na Biblia ya Baba. Kila nilipomfuta nilimwona Mama Brayo na mifuko yake mikononi. Nilisokota bibu kwenye karai nikikaza meno. Katika ploti nzima, mimi peke yangu nilijua ni nani aliyeharibu mdomo wa ndugu yangu, na yule mtu alikuwa anapita mlangoni petu kila siku akiniambia nimekonda.

Mama wakati huo alikuwa ameshakwenda ushago, mara moja, Mutua akiwa mgongoni. Alipofika kaburi lilikuwa limeshajengewa saruji. Alikaa siku chache, akarudi, akafua. Chama hakikuuliza.

Chama hicho kilikutana kwa zamu, kila mara kwa mwanachama mmoja, na zamu yetu ikafika. Mama alitandika vitambaa vyeupe kwenye makochi, akachemsha chai ya maziwa na tangawizi, mimi nikapewa kazi ya kupitisha mandazi. Nyumba ilijaa mafuta ya nywele na kicheko. Mama Brayo, kama kawaida yake, alimchukua Mutua kabla hata hajakaa, akamsimamisha juu ya mapaja yake. Mutua akamchekea, na uzi mrefu wa mate ukashuka hadi kwenye gauni lake la kitenge.

"Aki huyu mtoto," akasema, na wote wakageuka. "Hebu muone. Ni bomba lililokosa fundi. Mama Mwende, kwani wewe ulinyimwa nini?"

Wakacheka. Mmoja akasema labda ni nyama choma, Baba Mwende ni mkono birika. Mwingine akasema ni avokado. Wakamwambia Mama aseme tu, wachange, wamnunulie mtoto apakwe midomoni, yaishe. Mama alikuwa anamimina chai kutoka kwenye thamosi, anatabasamu lile tabasamu la mwenye nyumba.

Mimi nikaweka sahani ya mandazi chini. "Ni vinyanya," nikasema. "Na ni wewe uliyeving'oa."

Kicheko kikakatika, kisha kikarudi kwa nguvu zaidi. "Ona huyu," Mama Brayo akasema, akijifuta machozi ya kucheka. "Bado ana kinyongo na zile nyanya za choo. Mwende, nitakununulia debe zima kesho, sawa?"

Nilimwangalia Mama nikitaka anitetee mara hii moja tu, mbele ya watu, aseme ndiyo, ni vinyanya.

Mama alifunga thamosi. Akakizungusha kifuniko hadi mwisho, akaiweka mezani.

"Hapana, Mwende," akasema. "Si vinyanya." Halafu akamwangalia Mama Brayo, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya kuuliza nani amechukua ndoo. "Nilinyimwa kumzika mama yangu."

Kikombe kiliwekwa juu ya kisosi mahali fulani. Mimi nilisimama pale na mikono yangu mitupu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba jioni zote zile nyuma ya ploti hakuwa anasubiri kula chochote.

"Lakini Mama Mwende," Mama Brayo akasema, na sauti yake ya ploti tatu haikufika hata mlangoni, "ile si ilikuwa kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo," Mama akasema. "Ndiye huyo umembeba. Mfute."

Mama Brayo alitafuta bibu, hakuiona. Akashika ncha ya leso yake mwenyewe, akamfuta Mutua kidevu. Mate yakaja tena. Akafuta tena, wote wakimtazama, na Mama hakunyoosha mikono kumpokea.